Tochi, Kamera na Faini za Mwendo: Ni Usalama au ni Mapato? Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Haya ndiyo maswali yanayorudi kila mtu anapopigwa tochi (kifaa cha askari cha kupima mwendo wa gari), au anapoletewa notisi yenye picha ya gari lake na kiasi cha kulipa. Unaweza kuanza popote, na pale jambo lilipokwisha kuelezwa kwingine utaelekezwa huko.

## Mambo ya msingi

1. Jibu la haraka: ni usalama au ni mapato?

Vyote viwili vipo, na mara nyingi viko kwenye barabara moja siku hiyo hiyo. Mwendo unaua, ukiwauliza wanaopokea majeruhi usiku hawatakuambia vingine. Faini nazo ni pesa, na pesa huvuta mkono wa anayezipokea. Hilo nalo lina ushahidi wake (tazama swali la 7). Mabishano hukwama kwa sababu kila upande unadhani ukithibitisha la kwake, la mwenzake limeanguka.

Mimi nauliza hivi: siku madereva wote watakapotii, aliyeweka tochi hapa atafurahi au bajeti yake itayumba? Mpango wa usalama ukifaulu, mapato yake hushuka mwaka hadi mwaka na hakuna anayelalamika. Mpango wa mapato unahitaji wakosaji wapya kila mwezi, na usipowapata utawatengeneza.

2. "Mtego wa mwendo" ni nini hasa? Si kila askari mwenye tochi ni mtego?

Hapana. Mtego ni mahali ambapo kikomo cha mwendo, kibao au barabara yenyewe imepangwa, au imeachwa makusudi, kiasi kwamba dereva wa kawaida anayejitahidi kutii anavunja sheria bila kujua, na mtu amekaa hapo anavuna. Kikomo kinaporomoka kutoka 100 hadi 50 bila hatua ya katikati. Kibao kimefunikwa na matawi. Tochi iko chini ya mteremko, mahali gari linapojiongezea mwendo lenyewe, ilhali hakuna nyumba, kivuko wala njia panda.

Askari aliyesimama karibu na shule saa ambazo watoto wanatoka si mtego, hata kama amekaa nyuma ya ukuta. Swali la kujificha lina jibu lake mwenyewe (swali la 11).

3. Nilizidisha kilomita 10 tu. Kuna ubaya gani?

Tuchukue magari mawili yanayofanana, yanakwenda sambamba kwenye lami kavu. Moja liko kilomita 50 kwa saa, jingine 60. Mita 30 mbele mtu anashuka barabarani. Madereva wote wawili wanatumia sekunde moja kumwona na kupeleka mguu kwenye breki, na ndani ya sekunde hiyo gari la kwanza limeshakula mita 14, la pili karibu 17. Kisha breki zinashika. Gari la kwanza linahitaji mita nyingine 14 hivi, na linasimama hatua mbili kabla ya kumfikia yule mtu. Gari la pili likifika pale pale mwenzake alipokwisha simama, bado linakwenda kama kilomita 40 kwa saa. Linampiga likiwa kwenye 35.

Kwa hiyo kilomita 10 ulizozidisha zimegeuka 35 mwilini mwa mtu. Sababu ni kwamba nguvu ya gari hupanda kwa mraba wa mwendo: kutoka 50 kwenda 60 mwendo umeongezeka kwa asilimia 20, lakini nguvu ambayo breki zinapaswa kuimaliza imeongezeka kwa asilimia 44. Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, mtembea kwa miguu aliyegongwa na uso wa gari kwenye kilomita 65 ana hatari ya kufa mara nne na nusu zaidi ya aliyegongwa kwenye 50.

Kwa barabara nzima, hesabu inayotumiwa na shirika hilo ni kwamba wastani wa mwendo ukipanda kwa asilimia 1, hatari ya ajali ya kuua hupanda kwa asilimia 4. Kilomita chache za kila mtu zikijumlishwa ni makaburi. Mwaka 2021 watu milioni 1.19 walikufa barabarani duniani, na kwa walio na umri wa miaka 5 hadi 29 ndicho kisababishi kikuu cha vifo.

## Je, zinafanya kazi?

4. Kuna ushahidi wowote kwamba tochi na kamera hupunguza vifo?

Upo, na ni mwingi kuliko watu wanavyodhani. Mwaka 2010 mtandao wa Cochrane, unaochambua tafiti za afya, ulipitia tafiti 35 za kamera za mwendo. Karibu na kamera, ajali zilikuwa zimepungua kwa kati ya asilimia 8 na 49. Wahakiki walikiri kwamba ubora wa tafiti nyingi ulikuwa wa wastani, ila zilielekea upande mmoja.

Ufaransa ilianza kamera za kujiendesha mwishoni mwa 2003. Mwaka 2002 zaidi ya watu 7,000 walikufa katika barabara zake, na kufikia 2010 walikuwa karibu 4,000. Kamera peke yake hazikuleta hayo yote, kwani ukali dhidi ya ulevi na magari bora vilichangia, lakini kuporomoka kwa mwanzo kulikwenda sambamba na kushuka kwa mwendo barabarani.

Ushahidi unaonigusa zaidi ni wa Oregon, Marekani, kwa kuwa pale jambo lilikwenda kinyume. Februari 2003 jimbo hilo liliishiwa pesa likaachisha kazi zaidi ya theluthi moja ya askari wake wa barabara kuu. Hakuna aliyewaondoa kwa sababu ya ajali. Bajeti ndiyo iliyowaondoa. Faini zikapungua, na majeruhi na vifo katika barabara kuu vikaongezeka. Watafiti wawili waliofuatilia hesabu hizo hawakupata maelezo mengine yaliyotosha.

5. Lakini kamera huwekwa baada ya mwaka mbaya. Si ajali zingepungua zenyewe?

Hoja hii ni ya kweli na anayeitoa asipuuzwe. Kona iliyopata ajali tano mwaka huu kwa bahati mbaya, pengine mwakani itapata mbili hata usipofanya lolote. Ukiweka kamera katikati ya hapo utaisifu kamera kwa kazi ya bahati. Wenye mamlaka wanaotangaza "tumepunguza ajali kwa nusu" kwa kulinganisha mwaka mmoja kabla na mmoja baada wanajidanganya, au wanatudanganya.

Dawa ni kulinganisha miaka kadhaa kabla na baada, na kuweka pembeni kona nyingine zinazofanana ambazo hazikupewa kamera. Tafiti zilizofanya hivyo hupata manufaa madogo kuliko yanayotangazwa. Manufaa madogo, lakini yapo.

6. Watu hupunguza wakifika kwenye kamera tu, wakipita wanakanyaga mafuta. Si kazi bure?

Kwa kamera ya sehemu moja, ndivyo inavyokuwa. Ndiyo maana nchi nyingi zimegeukia kamera za wastani: moja inasoma namba ya gari mwanzo wa kipande, nyingine mwisho wake, na mtambo unagawa umbali kwa muda. Italia imekuwa nazo kwenye barabara kuu za kulipia tangu 2005. Ukipunguza mbele ya kamera haikusaidii kitu, na ukiteleza sekunde tano wakati wa kumpita mwenzako hauadhibiwi. Kwangu mimi hiyo ndiyo adhabu yenye haki zaidi, kwa sababu inamkamata mwenye mazoea na kumwacha aliyeghafilika.

## Pesa

7. Kuna mahali palipothibitika kwamba lengo lilikuwa pesa?

Ndiyo, na mifano iliyoandikwa vizuri zaidi inatoka Marekani, ambako miji midogo mingi ina polisi wake, mahakama yake na mfuko wake. Waldo, mji wa Florida wenye watu wapatao 1,000, ulikaa kwenye barabara kuu ambayo kikomo chake kilibadilika mara sita ndani ya maili chache. Dereva alikuwa hajamaliza kuzoea kibao kimoja anakutana na kingine. Faini zilikuwa karibu nusu ya mapato ya mji. Mwaka 2014 askari wenyewe walisimama mbele ya baraza na kueleza kwamba walipangiwa idadi ya tiketi (notisi za faini) za kuandika. Kikosi kikavunjwa mwaka huo huo.

Jirani yao, Hampton, mji wa watu wasiofika 500, ulikuwa umenyoosha mpaka wake ili tu uiguse barabara kuu hiyo hiyo. Ukiitazama ramani yake unaona mji, halafu kijimkono chembamba kinachokwenda kushika lami. Huko bunge la jimbo nusura liufute mji wenyewe.

Machi 2015 Wizara ya Sheria ya Marekani ilitoa ripoti kuhusu mji wa Ferguson, jimbo la Missouri. Ilionyesha maofisa wa fedha wakiwashinikiza polisi waongeze tiketi ili kuziba pengo la bajeti, na mzigo ukiwaangukia zaidi wakazi Weusi na maskini. Waliokosa kulipa walitolewa hati za kukamatwa. Mtu alianza na kosa dogo la barabarani akaishia mahabusu kwa sababu ya deni.

Kuna pia hesabu za watafiti. Katika wilaya za jimbo la North Carolina, mapato ya serikali ya mitaa yaliposhuka mwaka mmoja, tiketi ziliongezeka mwaka uliofuata.

8. Basi si wamejifunga wenyewe? Usalama ulikuwa kisingizio?

Hapa ndipo watu wengi wanapoharakisha. Wachumi Michael Makowsky na Thomas Stratmann walichambua tiketi za Massachusetts. Mwaka 2009 walichapisha walichokiona: miji yenye shida ya fedha ilitoza faini zaidi, na mgeni kutoka mji mwingine alitozwa kwa urahisi kuliko mkazi mwenye kura. Aliyesoma hilo alisema, "Tuliwaambia." Mwaka 2011 watu hao hao wakachapisha kazi nyingine kutoka jimbo hilo hilo: tiketi zilipoongezeka kwa sababu za kifedha, ajali na majeruhi vilipungua.

Askari aliyetumwa kutafuta pesa alikuwa ameokoa watu bila kukusudia. Sisemi hilo kumtetea. Nasema tu kwamba nia mbaya haifuti fizikia ya swali la 3, na manufaa hayafuti dhuluma ya Ferguson. Lazima mtu aweze kushika yote mawili mkononi.

9. Pesa za faini ziende wapi ili watu waamini?

Mbali na anayeshika tochi. Hiyo ndiyo kanuni ninayoiona imesimama imara kuliko zote.

Uingereza ilijaribu njia nyingine. Kuanzia 2000 maeneo ya majaribio, kisha karibu nchi nzima, yaliruhusiwa kutumia sehemu ya faini kugharimia kamera zaidi. Masharti yalikuwepo: kamera iwekwe palipo na historia ya ajali, ipakwe rangi ya manjano, ionekane. Pamoja na hayo, wananchi waliona mduara wa kamera zinazonunua kamera, na utaratibu huo ulifutwa Aprili 2007.

Missouri iliweka dari: sheria ya 1995 ilizuia miji kutegemea faini za barabarani kupita kiasi fulani cha mapato, na baada ya Ferguson dari hiyo ilishushwa hadi asilimia 20. North Carolina ina katiba inayotaka faini ziende kwenye shule za umma. Mahakama ilipoamua kwamba kanuni hiyo inahusu pia kamera za kukamata wanaopita taa nyekundu, miji kadhaa ilizima kamera zake. Miji ilisema haiwezi kulipia mitambo kwa kilichobaki, na huenda ni kweli. Hata hivyo, kamera iliyotetewa kwa jina la uhai wa watu ilizimwa pesa zilipobadilisha njia, na wakazi waliliona hilo.

Tazama pia mkataba wa mitambo. Kampuni inayolipwa kwa kila tiketi ina sababu ya kutaka tiketi. Inayolipwa kiasi maalumu kwa mwezi haina.

10. Nitajuaje kama tochi ya njia yangu ni ya usalama au ya mapato?

Anza na historia ya mahali penyewe: watu wamewahi kugongwa hapo? Kama hakuna ajali na tochi iko hapo kila wiki, una haki ya kuuliza. Kisha angalia kibao kiko umbali gani kabla ya tochi na kinaonekana vipi usiku. Angalia saa: ajali mbaya nyingi za mwendo hutokea usiku na mwisho wa wiki, hivyo ukaguzi unaofanyika asubuhi ya siku za kazi pekee unafuata wingi wa magari kuliko hatari.

La mwisho ndilo zito: mahali palipokamata maelfu kwa miaka mitano mfululizo na hakuna kilichobadilishwa kwenye barabara, wenye mamlaka wamekubali kuishi na hatari hiyo maadamu inalipa. Kwa upande wa barabara yenyewe, tazama swali la 16.

11. Kwa nini askari wajificha? Kama ni usalama, si wangesimama waonekane?

Hoja ina pande mbili na zote zina akili. Anayeonekana hupunguza mwendo pale alipo. Asiyeonekana humfanya dereva ahisi anaweza kukutwa popote, hivyo atii hata pasipo na mtu. Sweden imechagua uwazi: kamera zake zina bango la kutangulia, na lengo lililotamkwa ni watu wapunguze mwendo, si kupata picha. Nchi hiyo ndiyo iliyopitisha mwaka 1997 dira ya kufikisha vifo vya barabarani sifuri, na barabara zake ni kati ya salama zaidi duniani.

Nadhani uwazi unafaa zaidi pale ambapo wananchi hawawaamini polisi wao. Ukaguzi wa kuvizia unahitaji imani ambayo sehemu nyingi haijajengwa.

12. Ni haki tajiri na maskini kulipa faini sawa?

Kwa mmoja faini ni usumbufu, kwa mwingine ni kodi ya nyumba. Finland hukokotoa faini za makosa makubwa ya mwendo kwa kipato cha mtu: mwaka 2023 mfanyabiashara tajiri aliyekwenda 82 kwenye eneo la 50 alitozwa euro 121,000. Pointi za leseni (kila kosa hukata pointi, zikiisha unanyang'anywa leseni) nazo hufanya kazi hiyo kwa njia nyingine, kwani hakuna anayeweza kununua leseni iliyokwisha.

## Hali za pembeni

13. Mitambo haikosei?

Hukosea. Desemba 2012 gazeti la Baltimore liliripoti gari lililoandikiwa tiketi ya maili 38 kwa saa huku video ya tiketi yenyewe ikilionyesha limesimama kwenye taa. Mwaka uliofuata mfumo mzima ukazimwa. Ukipata notisi, omba picha na video kabla hujalipa.

Upande wa pili, radar iliyowekwa pembeni kwa pembe husoma mwendo mdogo kuliko halisi, kosa ambalo humnufaisha dereva. Nchi nyingi pia hukata kiasi kabla ya kutoza: Ujerumani hutoa kilomita 3 kwa mwendo ulio chini ya 100, na asilimia 3 juu ya hapo. Dashibodi yako nayo, kwa kanuni za kimataifa, hairuhusiwi kuonyesha chini ya mwendo halisi. Ikikuambia 60, huenda uko 57. Kwa hiyo aliyekamatwa kwa kilomita chache mara nyingi alizidisha zaidi ya notisi inavyosema, na dashibodi yake ilimwonyesha hivyo.

14. Kumulikiana taa au kutumia programu ya simu kuonyana ni kosa?

Inategemea sheria ya nchi. Ujerumani dereva haruhusiwi kutumia programu ya aina hiyo akiendesha; Ufaransa programu huonyesha "eneo la hatari" badala ya kamera yenyewe. Wengi hujitetea kwamba wakipunguza kwa kuonywa, usalama umepatikana. Ni kweli kwa mita mia tano. Lakini taa zako hazichagui: unamwonya pia mlevi na mwenye gari la wizi, na hutajua ulimwonya nani.

15. Kibao hakikuonekana, au askari anataka "tumalizane hapa hapa". Nifanye nini?

Kibao: simama mahali salama, rudi upige picha siku hiyo hiyo ukiwa upande unaotokea, kwa urefu wa macho ya dereva. Nimewahi kutozwa kwenye mteremko ambako kibao kilikuwa ndani ya mti. Niliporudi wiki mbili baadaye matawi yalikuwa yamekatwa na ushahidi wangu ulikuwa umeondoka nayo.

Pesa za mkononi: omba risiti au notisi yenye namba, kwa heshima na bila kupandisha sauti. Rushwa ndiyo muunganiko mbaya kuliko yote katika ukurasa huu, kwa maana haiwi usalama na haiwi mapato ya umma. Dereva hatari anaondoka, rekodi haipo, na kesho mahali pa kukaa tochi patachaguliwa kwa wingi wa wanaotoa.

16. Badala ya kukamata watu, kwa nini wasirekebishe barabara?

Mara nyingi ndilo jibu bora. Dereva huendesha kwa kadiri barabara inavyomruhusu. Njia pana, iliyonyooka, isiyo na kitu pembeni, humwambia mguu wake kilomita 80 hata kibao kikisema 40. Ifanye nyembamba, weka kivuko kilichoinuliwa, mzunguko kwenye njia panda, matuta mbele ya shule, na mwendo utashuka saa zote bila mtu kukaa kwenye kiti na tochi. Tuta halipokei pesa wala halijui mgeni na mwenyeji.

Lakini huwezi kuweka matuta kwenye barabara kuu ya kilomita 300, na ujenzi huchukua miaka huku watu wakiendelea kugongwa. Hapo kamera ina nafasi yake, kama kitu cha kushikilia hali hadi wajenzi wafike. Ninachokipinga ni ile iliyowekwa kwa muda wa kusubiri ujenzi, kisha ikageuka kuwa sababu ya kutojenga.